Ndege ya Maboya

Watu wengi hudhani kuwa kitu cha kuchezea ni haki ya mtoto, na kuwa mtu mzima akionekana amekiinamia, basi amekosa kazi. Mimi nami nilikuwa na mawazo hayo. Leo sinayo tena, maana fundisho moja kubwa katika kazi yangu ya ualimu sikupewa na kitabu wala na mkufunzi wa chuo. Nilipewa na ndege ya plastiki isiyofika sentimita 13 kwa urefu, pamoja na mtoto mmoja aliyethubutu kuibadili.

Ilikuwa mwaka 2017. Nilikuwa nikifundisha hesabu na sayansi darasa la saba katika shule moja ya msingi mjini Ruiru, na haikuwa imepita miaka mingi tangu nitoke chuo cha ualimu. Jumamosi moja nilisafiri kwenda Thika, mwendo wa kilomita zipatazo 20 kwa barabara kuu ile pana iliyofunguliwa mwaka 2012. Huko nilikuwa na desturi ya kumwendea mama mmoja aliyeuza vitabu na vitu vikuukuu karibu na soko. Siku hiyo, nilipokuwa nikipekua vitabu vyake, alinitolea sanduku la karatasi lililochakaa pembe zote.

"Mwalimu," alisema, "hiki kimekaa hapa siku nyingi, wala hapana anikijuliaye kazi yake. Nipe shilingi 300, ukawape watoto wako."

"Kuna nini ndani, mama?"

"Kuna ndege, lakini imevunjika vipande vipande."

Haikuwa imevunjika, ilikuwa haijaundwa. Yamkini msomaji hajapata kuona mchezo wa namna hii, basi na nieleze. Viwanda hutengeneza mifano midogo ya ndege za kweli katika vipande vya plastiki vilivyoshikana kwenye fremu, kama matunda kwenye kikonyo. Mnunuzi huvikata vipande, huvilainisha kwa msasa, na kuviunganisha kwa gundi ambayo huyeyusha plastiki kidogo ili kipande kishikane na mwenzake. Kampuni ya Airfix ya Uingereza ilitoa mfano wake wa ndege ya Spitfire katika miaka ya 1950, na tangu hapo mchezo huu ukaenea katika nchi nyingi. Kipimo kinachopendwa sana ni cha 1 kwa 72. Kwa kipimo hicho mtu mwenye kimo cha futi 6 huwa na kimo cha inchi moja tu, na sentimita moja ya mfano ni sentimita 72 za ndege yenyewe.

Ndege iliyokuwamo sandukuni iliitwa Beaver. Picha ya juu iliionyesha ikitua penye majani, injini moja puani, mabawa yamekaa juu ya kiwiliwili chake kama mwamvuli. Nilipofika nyumbani nilivihesabu vipande vyote nikaona kuwa miguu na magurudumu hayamo. Sikusikitika. Nilijiambia kuwa wanafunzi watachonga magurudumu kwa vifuniko na vifungo, nao watajifunza kutumia mikono yao.

Shuleni tulikuwa na saa moja ya kazi za mikono kila Ijumaa alasiri. Wanafunzi wanane waliifanya kazi ile pamoja nami, nami niliwawekea sheria moja: picha ya sandukuni ndiyo kweli, na kila kitu kifanane nayo. Miongoni mwao alikuwamo mvulana mmoja mpole, aliyehamia Ruiru na wazazi wake kutoka upande wa Ziwa Viktoria. Alisema kidogo na kufanya mengi. Yeye ndiye aliyetufundisha kuupasha moto ujiti wa plastiki juu ya mshumaa na kuuvuta polepole mpaka ukawa mwembamba kama unywele, tukapata waya wa kufunga juu ya ndege. Kwa ajili ya ustadi wake nilimruhusu kuichukua ndege nyumbani mwisho wa juma akaimalizie magurudumu.

Jumatatu aliirudisha. Haikuwa na magurudumu. Chini yake alikuwa ameibandika maboya mawili marefu, yaliyochongwa kwa malapa ya zamani na kupakwa rangi nyeupe. Ubavuni, nyuma ya milango iliyotengenezwa kiwandani, alikuwa amekata mlango mwingine mrefu. Juu ya mabawa alichora msalaba mwekundu.

Niliiinua ndege ile darasa zima liione, nikasema, "Nimekupa ndege, nawe umeniletea mtumbwi. Tangu lini ndege ya namna hii ikavaa mashua miguuni? Umeharibu kazi ya wenzako saba."

Darasa likacheka. Kicheko cha darasa ni kitu chepesi kwa anayecheka na kizito kwa anayechekwa. Mvulana alisema, "Samahani, Mwalimu," akakaa. Ijumaa iliyofuata hakuja kwenye kazi za mikono. Hakuja na ya pili. Katika hesabu alikuwapo, lakini mkono wake haukuinuka tena. Nilijiambia kuwa amenuna, na kuwa mtoto akinuna huachwa mpaka anunuke. Hivyo ndivyo nilivyojiridhisha.

Juma la tatu nilikwenda tena Thika, nikaingia maktaba kutafuta habari za ndege ile ili niwaeleze wanafunzi historia yake. Nilipata kitabu kimoja cha ndege, nikakifunua penye jina la Beaver. Picha iliyokuwapo ilinifanya nikifunike kitabu kwanza, kisha nikifunue tena. Beaver ilikuwa imeelea juu ya ziwa la Kanada, imetulia juu ya maboya mawili marefu, kama bata.

Nilisoma yote yaliyoandikwa. Ndege ile iliundwa na kampuni ya de Havilland Canada, ikaruka mara ya kwanza tarehe 16 Agosti 1947, na zaidi ya 1,600 zilitengenezwa. Kabla ya kuichora, waundaji wake waliwauliza marubani wa nyikani wanataka ndege ya namna gani. Marubani wakajibu kuwa wanataka ndege yenye nguvu, iwezayo kuruka na kutua mahali pafupi, na milango mipana ya kupitisha hata pipa la mafuta. Iliundwa iweze kuvaa magurudumu, au mbao za kutelezea thelujini, au maboya. Kumbe kile nilichokiita mtumbwi ndicho kilichoifanya ndege ile kuwa na sifa duniani. Mtoto hakuwa ameiharibu. Alikuwa amefikia kwa akili yake mahali ambapo mafundi walifika kabla yake, na mimi nilimcheka kwa kuwa nilijua picha moja tu.

Katika gari la kurudi Ruiru sikuwa na raha. Chuoni tulifundishwa kuwa mwalimu huandaa jibu kabla ya kuuliza swali, ili asahihishe upesi na kwa haki. Ni mafundisho mema, na bila hayo karatasi za wanafunzi hamsini haziishi. Lakini kosa langu halikuwa la kuandaa jibu. Kosa langu lilikuwa la kusahihisha kazi ambayo sikuwa nimeuliza swali lake. Nafsi moja iliniambia nimwite mvulana kando, nimweleze kwa siri, heshima yangu isishuke. Nafsi nyingine iliniuliza: je, ulimkosea kando? Tulipopita Juja nafsi ya pili ilikuwa imeshinda, ingawa ya kwanza haikukubali kunyamaza mpaka nilipofika mlangoni kwangu.

Jumatatu asubuhi nilisimama mbele ya darasa na ile ndege mkononi. Nilisema, "Majuma matatu yaliyopita nilimcheka mwenzenu mbele yenu, nanyi mkacheka kwa sababu yangu. Nimesoma, nimeona kuwa ndege hii huvaa maboya kwelikweli. Mimi ndiye niliyekuwa sijui. Namwomba radhi hapa, kwa kuwa hapa ndipo nilipomkosea." Kisha nikamgeukia na kumwuliza neno ambalo ningalimwuliza siku ya kwanza: "Mwanangu, kwa nini uliibadili?"

Alikaa kimya kitambo, halafu akasimama.

"Mwalimu, kwetu ni kisiwa cha Mfangano. Nyanya yangu aliugua usiku. Upepo ulikuwa mkali na mashua hazikuweza kuondoka. Tulingoja mpaka asubuhi ziwa litulie. Tulimfikisha Mbita jua likiwa juu, lakini hakufika hospitali. Nilipoiona ndege haina magurudumu, nikafikiri kuwa labda haiyahitaji. Kwetu maji yapo. Mlango huu mrefu ni wa machela, ili mgonjwa aingie amelala."

Hapana aliyecheka. Mimi nilitazama dirishani kidogo, kisha nikarudi kwenye kazi yangu.

Hapa, msomaji, palikuwa na mtego wa pili. Baada ya kukosa kwa ukali, ilikuwa rahisi nikose kwa huruma. Ningaliweza kuisifu ndege ile, kuipa alama zote na kuiweka juu ya kabati. Lakini mtoto hakuwa ametengeneza pambo. Alikuwa ametengeneza ndege ya kumbeba mgonjwa, na ndege ya kumbeba mgonjwa haina budi kuulizwa kama itambeba. Kumsifu bila kuipima kazi yake kungalikuwa kumdharau kwa njia ya adabu.

Basi tukaifanya hesabu darasa zima. Beaver iliyojaa mzigo ina uzito wa kilo zipatazo 2,300. Kitu huelea ikiwa maji yanayosukumwa nacho yana uzito ulio sawa na wa kitu chenyewe. Hiyo ndiyo kanuni ya Archimedes. Lakini ndege haitui juu ya maji ya ndoo. Ziwa lina mawimbi, na boya laweza kutoboka. Kwa hiyo kanuni ya usalama hutaka maboya mawili pamoja yaweze kuubeba uzito wote wa ndege na ziada ya asilimia 80. Wanafunzi walizidisha wakapata kilo 4,140, yaani kilo 2,070 kwa kila boya. Lita moja ya maji ni kilo moja, hivyo kila boya la kweli liwe na ujazo wa lita 2,070.

Je, boya la mfano liwe na ujazo gani? Wengi walikimbilia kugawanya kwa 72. Niliwakumbusha kuwa ujazo una urefu, upana na kina, na vyote vitatu vimepunguzwa mara 72. Walizidisha 72 kwa 72 kwa 72 wakapata 373,248. Mililita 2,070,000 zikigawanywa kwa hesabu hiyo huwa mililita tano na nusu hivi. Hicho ndicho kilichokuwa kipimo cha ndoto ile: mililita tano na nusu kwa kila boya.

Hatukuwa na vyombo vya maabara. Tulijaza bilauri maji mpaka ukingoni tukaiweka ndani ya sahani kavu. Mvulana mwenyewe aliyabandua maboya yake, akalizamisha moja kwa ncha ya sindano mpaka likafunikwa lote. Maji yaliyomwagika tuliyavuta kwa bomba la sindano la mililita 10, lisilo na sindano yake, tukasoma alama. Tulirudia mara tatu kwa kila boya. Jibu lilikuwa mililita 3.

Msichana mmoja alikwenda ubaoni akafanya hesabu ya kurudi. Maboya mawili ya mililita 3 yangaliweza kubeba kilo 2,240 tu. Aliandika chini yake 2,300, akapiga mstari, akatutazama. Hakuhitaji kusema kitu. Ndege ile ingalizama pamoja na rubani na mgonjwa wake.

Nilimwangalia mvulana kwa hofu, maana nilidhani nimemvunja moyo mara ya pili. Lakini uso wake haukuwa ule wa siku ya kicheko. Alikuwa ameinama juu ya daftari akihesabu. "Basi nitachonga mengine," alisema. Hapo nikafahamu tofauti ambayo chuo hakikunieleza. Mtoto huvunjika moyo anapokataliwa na mtu asiyeuliza. Akikataliwa na maji hasikitiki, huchonga tena.

Alichonga tena. Boya la pili lilipima karibu mililita 6. Nilipoitazama ndege kwa ndani niliona ametoa viti viwili. Safari hii niliuliza kwanza.

"Maboya makubwa yana uzito wake, Mwalimu," alijibu. "Nikiongeza chini sina budi kupunguza ndani. Amebaki rubani, mgonjwa na mwuguzi."

Mvulana mwingine aliuliza swali gumu kuliko yote. "Usiku, tena penye mawimbi, rubani atayaonaje maji?" Tulilijadili sana. Tulifikiri taa za ufuoni. Tukaona kuwa taa huonyesha mahali lakini hazitulizi wimbi. Mwishowe tulikiri kuwa ndege yetu isingaliweza kutua usiku ule wa upepo. Darasa likamtazama mwenye ndege, nami nikatamani swali hilo lisingalikuja. Yeye alijibu kwa sauti ya kawaida kabisa: "Basi ingengoja alfajiri. Alfajiri nyanya alikuwa angali hai."

Niliwaeleza kuwa mawazo kama haya hayakuwa mageni katika nchi yetu. Katika miaka ya 1930 ndege za majini za kampuni ya Imperial Airways zilitua Kisumu, juu ya ziwa lile lile la nyanya yake. Mwaka 1949 na 1950 ndege za majini za BOAC zilitua Ziwa Naivasha, zikileta abiria kutoka Uingereza. Na mwaka 1957 daktari mpasuaji Michael Wood pamoja na wenzake wawili walianzisha shirika la madaktari warukao, ambalo leo ni Amref, ili tabibu amfuate mgonjwa mahali ambapo barabara haifiki. Mtoto wetu aliyachukua mambo mawili yaliyokwisha kuwako akayaunganisha kwa haja ya kisiwa chake. Ndivyo vitu vingi vipya vinavyozaliwa.

Wala haikuwa lazima kutafuta mfano mbali. Hapo hapo Ruiru kuna kituo cha utafiti wa kahawa. Katika miaka ya 1960 ugonjwa wa chulebuni uliharibu kahawa ya wakulima wengi wa Kenya. Watafiti hawakuilaani mibuni ya zamani wala hawakuiabudu. Waliichanganya na mingine, wakapanda, wakapima, wakatupa, wakapanda tena, mpaka mwaka 1985 walipotoa aina iitwayo Ruiru 11, inayostahimili chulebuni na kutu ya majani. Jina la mji wetu likaenda mashambani pamoja na miche ile. Nayo pia ilianza kama wazo la kitu ambacho hakijakuwako, kikaulizwa maswali miaka mingi kabla ya kukabidhiwa mkulima.

Ndege ya maboya ilikaa dirishani mwa darasa letu mwaka mzima. Wanafunzi wa madarasa mengine walipouliza kwa nini ina viti vichache, hapakukosekana wa kuwaeleza. Mvulana alirudi kwenye kazi za mikono, na mkono wake ukainuka tena katika hesabu, mara nyingi kwa kuniuliza kuliko kwa kunijibu. Alipomaliza darasa la nane mwaka 2018 nilimpa ndege ile aende nayo. Aliizungushia fulana yake ya zamani, akaiweka sandukuni tumbo juu, maboya yasije yakabanduka.

Sikuandika haya ili niseme kuwa amekuwa rubani au mhandisi. Sijaandika habari za mtu aliyefanikiwa, bali habari za mwalimu aliyekaribia kuzima taa asiyoiwasha. Nawe msomaji kijana, siku moja utakuwa na wazo ambalo halifanani na picha ya sandukuni. Ukichekwa, usilitupe. Lakini usilipende hata ukaogopa kulitia majini. Lipime mwenyewe, kabla ya mgonjwa kupandishwa. Na siku utakapokuwa mkubwa, mtoto akakuletea kazi usiyoielewa, shika ulimi wako kwa muda wa swali moja tu, umwulize kwa nini.